Maswali na majibu: rm, amri ya kufuta faili kwenye Linux, haina kapu la taka

Karani wa chama cha msingi, Newala: Nilikuwa nafuta folda ya Mnada wa pili, ikaondoka na folda ya Mnada. Kapu la taka ni tupu. Nifanyeje?

Kaka, zima hiyo kompyuta sasa hivi. Kila unachohifadhi kinaweza kukalia mahali palipokuwa na faili zako. Fundi aichomoe diski, aifunge kwenye kompyuta nyingine na kujaribu PhotoRec, programu ya kurejesha faili zilizofutwa. Majina ya faili hayatarudi, utapewa lundo la namba uanze kufungua moja moja. Kama diski ni SSD (ya chipu, isiyo na sahani inayozunguka), matumaini ni madogo zaidi.

Uliandika rm -r Mnada wa pili bila alama za nukuu. Kwa terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, hizo ni folda tatu: Mnada, wa, na pili. Ya kwanza ilikuwepo, ikaondoka na uzito wa korosho za msimu mzima, ndipo ikakulalamikia kwamba nyingine mbili hazipo. Nimelisema hili hapa mpaka nimechoka: folda iite mnada_2, nafasi za nini? Na kabla ya rm andika ls, amri ya kuorodhesha, kwa maneno yale yale, uone kinachokwenda kuguswa. Nakala kwenye flashi sikuulizi, jibu lako nalijua.

Mikindani: Faili inaitwa -orodha.txt, rm inaikataa.

rm ./-orodha.txt

Lindi mjini: Nimefuta logi (faili ya kumbukumbu za programu) ya GB 40, df, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, bado inasema imejaa.

Kuna programu bado imeifungua. rm huondoa jina tu, data hukaa mpaka kila aliyeishika aiachie. sudo lsof +L1 (sudo ni kuendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi) itakutajia mhusika. Washa upya huduma hiyo, si seva nzima. Siku nyingine logi inayotumika usiifute, ipunguze kwa truncate -s 0.

Mwanafunzi, Masasi: Rafiki kanipa sudo rm -rf /*, eti inaongeza kasi ya kompyuta.

Rafiki gani huyo? rm ya siku hizi hukataa ukiiambia / peke yake, lakini nyota inaipita kinga hiyo: ganda (shell, programu inayosoma amri zako) huitandaza kuwa /bin, /etc, /home na wenzake kabla rm haijaona kitu. Na -f maana yake usiniulize. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika rm * .bak, kidole kikaacha nafasi baada ya nyota. Nilipoambiwa .bak haipo, folda ilikuwa nyeupe.

Chuno: rm -i inauliza kila faili, inachosha.

Tumia -I, herufi kubwa. Huuliza mara moja tu, faili zikizidi tatu au ukifuta folda.

Nachingwea: Faili niliiwekea chmod 444 (ruhusa ya kusoma tu), mdogo wangu kaifuta vilevile.

Ruhusa ya kufuta iko kwenye folda, si kwenye faili. rm ilimuuliza kwanza, akajibu ndiyo. Mfungulie akaunti yake.