Pudini ya chokoleti iliyolala nzito ikaamka maji

Dada wa Kisumu uliyeuliza kwa nini pudini yako ya chokoleti ililala nzito ikaamka maji, pole sana. Niko Nakuru, na yaliyokupata yamenipata mara tatu mfululizo kabla sijajua kosa liko wapi. Umesema uliweka viini viwili vya mayai, ukaepua mara tu ilipoanza kushika. Tatizo ni hapo.

Kiini cha yai kina kimeng'enya kinachovunja wanga. Moto usipokiua, kinaendelea na kazi usiku kucha ndani ya bakuli, na ule wanga ulioshika maziwa unaachia. Kwa hiyo ukiona mwiko umeanza kuwa mzito mkononi, usizime. Ngoja itokote, yale mapovu makubwa yanayopasuka pwa, pwa kama uji, kisha upunguze moto na ukoroge dakika mbili nzima bila kuacha. Usiogope mayai kushikana vipande, wanga unayazuia. Mimi huongeza dakika moja, maana Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Hapo kwenu ni chini kidogo, dakika mbili zatosha.

Umeuliza pia kuhusu madonge. Hebu fikiria unavyopika uji. Hakuna aliyelelewa na uji anayetupa unga mkavu kwenye maji yanayochemka. Unakorogwa kwanza kwa maji baridi pembeni. Pudini ni hivyo hivyo, ila kakao ni mkaidi zaidi kwa sababu ina mafuta na haipendi kulowana. Ichanganye na sukari ikiwa kavu, uisugue kwa mgongo wa kijiko mpaka usione hata punje moja iliyojikusanya.

Kwa maziwa nusu lita natumia vijiko vya mezani vilivyosawazishwa: sukari 5, kakao 3, konifulawa 3, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Chumvi usiiache, bila yake ladha ya chokoleti inafifia mdomoni. Konifulawa ni ule unga mweupe laini unaolia ukiuminya kwenye pakiti, si unga wa ugali. Jirani yangu alitumia sembe na akapata uji wa kahawia wenye chengachenga. Ukiikosa dukani, unga wa kastadi unafaa, kwani sehemu yake kubwa ni wanga huo huo. Kakao nayo iwe ile chungu isiyo na sukari. Chokoleti ya kunywa sehemu yake kubwa ni sukari, utaongeza vijiko na rangi bado itakuwa hafifu.

Changanya vitu vikavu, mimina kikombe kimoja cha maziwa baridi kidogo kidogo, kisha viini kama unavitaka. Maziwa yaliyobaki yapashe kwenye sufuria mpaka yatoe mvuke pembeni. Teka upawa mmoja wa hayo ya moto, uchanganye na ule mchanganyiko, halafu rudisha vyote kwenye sufuria. Moto wa wastani. Mwiko upite chini na kwenye kona, maana ndiko inakoungulia, na harufu ya kuungua ikishaingia kwenye maziwa haitoki. Ukishaepua, tia kijiko cha siagi na vanila.

Kuhusu friji ambayo huna: weka sufuria kwenye beseni la maji baridi, koroga taratibu kama dakika tano, kisha mimina kwenye vikombe ingali inatiririka. Baada ya hapo usiiguse tena. Ukiikoroga imeshaganda unavunja ule mshiko, na hautarudi. Kama watoto hawapendi utando wa juu, laza karatasi ya nailoni safi igusane na pudini yenyewe ikiwa vuguvugu. Kwangu ule utando unagombewa, kwa hiyo siuzuii.

Na joto la Kisumu lisikudanganye, hicho ni chakula cha maziwa, na pengine mayai. Pika itakayoisha jioni ile ile, usiiache mezani zaidi ya saa mbili. Jaribio lijalo acha mayai kabisa, weka konifulawa vijiko 3 na nusu, uone inavyosimama. Ukishaizoea, ndipo urudishe viini.