Maua ya manjano kwenye uzio: jinsi ya kuitambua na kuikuza alizeti mwitu

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi ni mkulima wa mboga katika Kaunti ya Vihiga. Kwenye uzio wangu kuna mmea unaomzidi mtu kimo, wenye maua ya manjano, ambao kila ukikatwa huchipua tena. Jirani mmoja anasema majani yake ni mbolea nzuri ya sukuma wiki. Mwingine ananihimiza niung'oe kwa kuwa ni gugu. Nitautambuaje kwa hakika, na nikitaka kuuongeza nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, maelezo yako yanaelekea kwenye alizeti mwitu, ambayo wataalamu huiita Tithonia diversifolia. Ni mmea wa kudumu wa jamii ya alizeti, ambao asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Hata hivyo, usiutambue kwa rangi ya ua peke yake, kwani mimea mingi ya jamii hiyo ina maua ya manjano.

Anza na majani ya katikati ya shina. Jani la alizeti mwitu limegawanyika kama kiganja chenye vidole vitatu hadi vitano, na kingo zake zina meno madogo. Majani ya juu kabisa, karibu na ua, mara nyingi hayagawanyiki, na hapo ndipo wengi hukosea. Kisha kata ua pamoja na kikonyo chake, ukipasue kwa ukucha: utaona kwamba kikonyo kimenenepa kidogo chini ya ua na ndani kina uwazi. Ukiyafikicha majani, yana harufu kali, na ukiyagusa kwa ncha ya ulimi ni machungu.

Alizeti ya kawaida, ile ya mafuta, huishi msimu mmoja tu, na jani lake ni pana lisilogawanyika. Iko pia Tithonia rotundifolia, ambayo maua yake yana rangi ya chungwa iliyokolea, nayo hufa baada ya msimu. Mmea unaoweza kukuchanganya zaidi ni Aspilia mossambicensis, mwenyeji wa Afrika Mashariki, ambao nao ni wa kudumu na una maua ya manjano. Lakini maua yake ni madogo, na majani yake hayana vidole, tena yanakwaruza kama msasa.

Ukishahakikisha, jirani yako wa kwanza ana hoja ya kweli. Majani mabichi ya alizeti mwitu yakikaushwa huwa na takriban asilimia 3.5 ya naitrojeni na asilimia 4 ya potasiamu, na huoza upesi udongoni. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990 ulitumia takriban tani 5 za majani makavu kwa hekta. Kwa kuwa sehemu kubwa ya jani bichi ni maji, kiasi hicho ni kama kilo 2.5 za majani mabichi kwa kila mita mraba. Tuta la mita 1 kwa 4 litahitaji kilo 10. Kata majani na matawi laini kabla mmea haujachanua, uyakatekate kwa panga, uyafukie, kisha usubiri kama wiki moja kabla ya kupanda. Mashina yaliyokomaa yaache, kwa sababu yana naitrojeni kidogo na huchelewa kuoza.

Naomba uelewe jambo moja ambalo wakulima wengi hawaelezwi. Alizeti mwitu si ya jamii ya kunde, na haitengenezi naitrojeni kutoka hewani. Inachokupa imekinyonya pale ilipoota, kwa hiyo unahamisha rutuba ya uzio kuipeleka kwenye tuta. Uzio ulioota kwenye udongo hafifu hautakupa majani yenye fosforasi ya kutosha, na mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya yana upungufu huo. Ongeza mbolea ya fosfeti, kwa mfano ile ya mawe ya Minjingu kutoka Tanzania. Vilevile, kukata na kubeba kilo nyingi hivyo ni kazi kubwa. Mimi ningeitoa nguvu hiyo kwa sukuma wiki inayouzwa, wala si kwa mahindi.

Kuuongeza mmea ni rahisi. Chukua shina lililokomaa kiasi, likate vipande vya sentimita 20 hadi 40, na uvipande siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu, vikiwa vimesimama au vimelala upande kidogo, vifundo viwili vikiwa ardhini. Mbegu nazo huota, mradi zifunikwe kwa udongo mwembamba tu, maana zikizama sana hazitoki.

Jirani wa pili naye asipuuzwe. Mmea huu huzaa mbegu nyingi na huvamia kando za mito na mashamba yaliyoachwa. Uweke kwenye mpaka unaoufikia kila wiki, na ukiona vitumba vimeanza kufunguka kabla hujavuna majani, vikate hata kama siku hiyo huna tuta la kuyafukia. Majani hayo yatandaze chini ya migomba.