Seva ya gemu jirani na mashine ya kusaga

Safari hii karibu barua zote zimetoka kwa watu wa gemu, na karibu zote zinagusa jambo moja: diski ya seva, yaani ya kompyuta ambayo wachezaji wote wanajiunga nayo. Basi tuelewane mapema. Diski ya kuzunguka ina sahani zinazozungushwa na mota, na kichwa kinachokimbia huku na huko kutafuta data. Ikiwa ya mizunguko 7,200 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8 na kidogo, bado hujahesabu safari ya kichwa. Ukiiomba vitu vilivyotawanyika, inakupa kama mia hivi kwa sekunde, ikijitahidi sana. SSD, diski ya kisasa, haina kinachotembea ndani, ni chipu tupu, nayo inatoa maelfu kwa maelfu.

Fundi, habari za kazi. Tupo kumi na wawili hapa UDOM, tunachangishana kulipia seva ya Minecraft. Mmoja akivaa mabawa akaruka mbali, wote tunaganda. Mwenye seva anasema tuongeze hela atuhamishie kwenye SSD. Kweli, au anatupiga?

Huenda ni kweli, ila msitoe hela bado. Minecraft inapiga tiki 20 kwa sekunde, yaani inaisasisha dunia yake mara 20, kwa hiyo kila tiki ina milisekunde 50 za kumaliza kazi zake zote. Dunia yenu imekatwa vipande vya bloku 16 kwa 16, na vipande hivyo vimefungwa kwa mafungu ya 32 kwa 32 katika mafaili. Anayeruka kwa mabawa anavidai vingi kwa mpigo, tena kutoka mafaili tofauti. Hapo ndipo diski ya kuzunguka inapotoka jasho.

Lakini kuna kuruka kwa aina mbili. Mkiruka kwenye ardhi ambayo hakuna aliyewahi kufika, seva haina cha kusoma: inaiumba upya milima, mapango na miti, na kazi hiyo ni ya prosesa. Mkiruka juu ya ardhi mliyokwisha kuitembelea, sasa ni kusoma diski. Kwa hiyo jaribuni hivi. Chagueni njia ya zamani ambayo haijapitwa kwa siku kadhaa, mmoja aruke. Mkiganda hapo, mwenye seva ana hoja. Mkiganda kwenye nchi mpya tu, SSD haitawasaidia kitu. Afadhali muweke programu-jalizi ya Chunky iumbe dunia yote usiku mkiwa mmelala, halafu muiwekee mpaka.

Na kama mnaganda kidogo kila baada ya dakika kama 5 hata watu wote wakiwa wamesimama, angalieni hifadhi ya dunia, yaani seva inapoiandika yenyewe dunia yenu kwenye diski. Muda uliozoeleka ni tiki 6,000, yaani dakika 5, na diski ya kuzunguka iliyozeeka huitambua saa hiyo kuliko muadhini.

Hela tumeshalipa ya SSD. Nitajuaje kama kweli nimewekewa SSD?

Kama seva ni ya Linux, andika `lsblk -d -o name,rota`. Ukiona 1, inazunguka, 0, haizunguki. Ila kwenye seva ya kupangisha jibu hilo linaweza kukudanganya, maana unachokiona wewe ni diski ya kuigiza. Mimi naamini zaidi `ioping -c 20 .` kwa sababu inapima muda wa kila ombi. Ikirudi chini ya milisekunde 1 mara nyingi, tulia. Ikirudi 8, 12, 15, mwandikie mwenye seva na umwambatishie picha ya skrini. Ijaribu saa tatu usiku, wapangaji wenzako wakiwa ndani. Saa nne asubuhi kila seva ni nzuri.

Niko Area D, Dodoma. Ping ya seva yetu iliyoko Frankfurt, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, haishuki. SSD itaipunguza?

Hapana. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dodoma hadi Dar, kilomita kama 450 kwa barabara, kwenda na kurudi ni milisekunde 5 hivi. Nyaya za baharini zinazotutoa nje, kama SEACOM ya 2009 na EASSy ya 2010, zinaanzia huko Dar. Kila kilomita 10,000 za waya zinakula milisekunde 100 kwenda na kurudi, hata vifaa vya njiani visipochelewesha chochote. Tafuta seva ya Dar, au angalau Johannesburg.

Nina chumba cha gemu Majengo, kando ya mashine ya kusaga. Seva yangu ni kompyuta ya mezani ya zamani. Asubuhi mapema iko vizuri, wateja wa unga wakianza kujaa gemu zinakatakata. Vijana wanasema ni mapepo.

Kaka, barua yako nimeisoma mara mbili kwa raha. Mapepo hayo yana mota na mkanda.

Kichwa cha diski kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele mara maelfu, na kinafuata njia nyembamba mno. Meza ikitetemeka, kichwa kinatoka njiani, data inapita, inabidi kusubiri sahani izunguke tena. Hata sauti inatosha: mwaka 2008 mhandisi wa Sun Microsystems, Brendan Gregg, alizipigia diski kelele kwa mdomo wake, na vipimo vikaonyesha muda wa kujibu ukipanda palepale.

Weka glasi ya maji juu ya meza ya seva, usubiri debe la kwanza la mahindi. Maji yakichora duara, umempata mchawi. Hamishia seva ukuta wa upande wa pili, iweke sakafuni juu ya kipande cha godoro, au nunua SSD, ambayo mtetemo haiusikii.

Ila angalia na taa. Mota kubwa ikiwashwa, taa zikififia, tatizo jingine ni umeme kushuka. Hapo SSD si dawa. SSD za bei nafuu ndizo zinazoumia umeme ukikatika katikati ya kuandika. Dawa ni UPS, betri inayoshikilia umeme. Na feni uzipulize kila wiki, maana vumbi la Dodoma likichanganyika na unga ni plasta.

Tunacheza Counter-Strike tu. Tuhamie SSD?

Hapana. Ramani ikishapakiwa, inaishi kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, si kwenye diski. Hela hiyo nunueni prosesa.

Mwanangu wa hapa Singida anataka SSD ya seva yake. Muuza duka anasema zinakufa haraka ukiziandikia sana.

Shikamoo mama. Ni kweli zina kikomo, ila kiko mbali. Samsung 870 EVO ya GB 500, kwa mfano, dhamana yake inafika hadi TB 300 za kuandika (TB 1 ni GB 1,000) au miaka 5, kimojawapo kikitangulia. Seva ikiandika GB 40 kila siku, na hizo ni nyingi, kwa mwaka ni kama TB 15. Kuzimaliza 300 ni miaka 20. Cha kuogopa ni ile ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Hiyo ni feki.

Nipo Kondoa. Diski zetu za zamani tuzitupe?

Usitupe. Bekapu ni kuandika kwa mfululizo, kazi ambayo diski ya kuzunguka inaiweza vizuri, na ukiiweka kabatini bila umeme inatunza data kuliko SSD iliyochakaa. Kipimo cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kwa SSD za matumizi ya kawaida, zikishafika kikomo chake, kinadai mwaka 1 tu bila umeme kwenye nyuzi 30.

Ila kabla ya kunakili dunia ya Minecraft, andika `save-off`, kisha `save-all`, nakili, halafu `save-on`. Mimi niliwahi kunakili seva ikiwa inaandika. Siku ya kurejesha, nyumba ya mpwa wangu ilikuwa imekatwa katikati kama keki: upande mmoja kitanda na dirisha, upande wa pili mlima mtupu. Mpaka leo hajaniruhusu kushika seva yake.