Barua kwa mwanangu: anayekataa aonekane uso

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama daktari akiingia bungeni anaacha kuwa daktari, kwa kuwa wenzako huko Portland wanakushawishi ugombee kiti katika Bunge la jimbo la Oregon, Marekani, nawe unamtazama John Kitzhaber, daktari aliyepata kuwa gavana wa jimbo hilo, kama kielelezo. Suala la kuacha udaktari silioni gumu. Linalonikosesha usingizi ni hili: ni nani anayemwambia mgonjwa hapana, na anamwambia akiwa wapi?

Kitzhaber alikuwa daktari wa chumba cha dharura mjini Roseburg alipochaguliwa mbunge mwaka 1978. Baadaye akawa seneta, na kuanzia 1985 Rais wa Seneti. Mwaka 1987 Bunge lilisitisha kulipia upandikizaji wa viungo kwa maskini wenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, ili fedha zihudumie watu wengi zaidi kwa tiba za msingi. Mtoto wa miaka 7 mwenye saratani ya damu akakosa upandikizaji wa uboho, akafariki huku jamaa zake wakiwa bado wanachangisha. Kelele zilipopigwa, Kitzhaber hakuwasingizia makarani. Alisimama akautetea uamuzi, kisha akasukuma sheria ya 1989 iliyotaka magonjwa na tiba zake vipangwe katika orodha ya wazi, bajeti ionyeshe mstari unapita wapi, na kilicho chini ya mstari kisilipiwe. Serikali kuu ya Marekani, ambayo idhini yake ilihitajika, iliukataa mpango huo 1992 chini ya Rais Bush, ya Rais Clinton ikauruhusu, ukaanza Februari 1994.

Nikifika hapo naikumbuka zahanati yetu, ile ulikochanjwa. Boksi la dawa la mwezi lilifunguliwa mbele ya kamati ya kijiji, makopo yakahesabiwa, nami nikaandika kwenye leja. Masika, klorokwini, dawa ya malaria ya wakati ule, ilikuwa ikiisha kabla ya mwezi kwisha. Jirani ya bibi yako alikuja na mtoto anayetetemeka kwa homa. Nikamwambia dawa hakuna, serikali italeta mwezi ujao. Akanitazama, akasema, "Serikali ni wewe hapa." Akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya hospitali ya misheni kwa miguu. Mtoto alipona, mama yako ni shahidi, lakini maneno yale yananichoma hadi leo, kwa sababu waliopanga kiasi cha dawa katika lile boksi hawakuwahi kuketi pale dirishani.

Ndiyo maana sichoki kuwaambia, nanyi mmechoka kusikia, kwamba anayekataa aonekane uso. Kitzhaber alionekana, tena akiwa seneta aliendelea kuwatibu watu wa Roseburg. Hata hivyo najipinga mwenyewe: mstari ule uliwahusu maskini tu, na wabunge walioupigia kura hawakuwa chini yake. Nilipomwambia mama yako hivyo, alinijibu kwamba kabla ya mpango huo maskini wengi wa Oregon hawakuwa na bima yoyote, na kwamba aliyekosa kila kitu hana hata orodha ya kulalamikia. Sikuwa na jibu.

Ugavana wake una mkanganyiko uleule. Aliacha wafungwa wawili waliohukumiwa kifo wauawe, 1996 na 1997, wote kwa sindano ya sumu. Aliporudi madarakani mwaka 2011 akasitisha adhabu hiyo, akisema maamuzi ya awali yalimsumbua miaka yote. Februari 2015 alijiuzulu kwa tuhuma za mgongano wa maslahi zilizomhusu yeye na mchumba wake. Uchunguzi wa serikali kuu ukafungwa 2017 bila mashtaka. Hayo ya mwisho sina hamu nayo.

Najua unataka niseme kama alikuwa sahihi kuhusu yule mtoto. Nimeandika jibu mara mbili nikalikata, na la pili halikufanana na la kwanza, basi nakuachia. Kabla hujachukua fomu, nijibu jambo moja: Bunge likikaa Salem, mji mkuu wa Oregon, zamu zako za hospitali utazishika, au utamwachia mwenzako dirisha?

Baba yako