Usikodi seva bado, nunua daftari

Mdogo wangu wa Moshi, umeuliza ukodi seva ngapi ili ujifunze kusanifu mifumo ya kompyuta iliyosambaa, yaani mashine nyingi zinazofanya kazi moja kwa kutumiana ujumbe. Kwa sasa hata moja usikodi.

Kaa nusu saa kwa wakala wa pesa pale stendi. Mteja anatuma elfu ishirini, mtandao unakata, meseji hairudi. Hela imeenda au haijaenda? Simu haiwezi kujua: ombi lipotee njiani au jibu lipotee njiani, kwake ni kimya kilekile. Akituma tena, huenda ametuma mara mbili. Ukilielewa hilo vizuri umeshafika mbali. Tiba yake ni kulipatia kila ombi namba ya pekee, ili seva ikiiona tena irudishe jibu la kwanza bila kukata hela upya.

Sasa chora kwenye daftari. Mashine tatu Arusha, mbili Moshi, kila moja na mstari wake wa muda, ujumbe uwe mishale. Halafu kata waya hapo Boma Ng'ombe, njiani kati ya Arusha na Moshi. Uamuzi ukihitaji kura za mashine 3 kati ya 5, Arusha wanaendelea, Moshi (pole) mnasubiri.

Saa za mashine usizitegemee kujua tukio lipi lilitangulia. Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alishalieleza hilo mwaka 1978. Lugha yake ya kuandika modeli ya mfumo, TLA+, ni ya bure, na programu yake ya ukaguzi inapitia kila mpangilio wa matukio kwenye modeli ndogo. Kwenye modeli yangu ilinionyesha kosa ambalo nilikuwa nimeapa halipo.