Ukifika kijiji cha Ureno, anza na minara

Msimu mmoja nilivuna zeituni Alentejo, kusini mwa Ureno. Kila asubuhi nilipita mbele ya ofisi ya Junta de Freguesia, ndiyo serikali ya kijiji, na bendera yake sikuitazama hata mara moja. Ukienda huko, usipite hivyo.

Anza juu, kwenye taji lenye minara lililo juu ya ngao iliyochorwa kwenye bendera. Hesabu minara. Mitatu ya fedha ni kijiji, minne ni mji mdogo, wanaouita vila, na mitano ni jiji. Lisbon, kwa kuwa ni makao makuu, ina mitano ya dhahabu. Mimi nilimsifia mzee mmoja "jiji" lake. Akaninyooshea kidole kwenye bendera, akahesabu taratibu: um, dois, três, yaani moja, mbili, tatu. Hakukasirika. Kijiji chake ni kijiji, naye alitaka nikiite hivyo. Nikamwambia sisi pia tunasema "bendera", maana neno hilo tulilipata kwa Wareno, bandeira. Tangu siku hiyo alinisubiri jioni.

Kisha shuka kwenye ngao, na hapo usiwe na haraka. Pale palikuwa na tawi la mzeituni, na chini yake mistari ya mawimbi, buluu na fedha, yaani mto. Kwenye kitambaa fedha huonekana nyeupe na dhahabu njano, usibabaike. Uliza kila alama imetoka wapi. Utaonyeshwa chemchemi yenyewe, au kinu kilichobaki kuta tu. Jina la kijiji limeandikwa kwenye utepe chini ya ngao.

Picha za mitandaoni zichunguze kwanza, kwani huenda si nembo rasmi. Kwa sheria ya 1991, nembo hupelekwa kwenye tume ya heraldika, yaani elimu ya nembo, ya Chama cha Waakiolojia wa Ureno ipate maoni yake, halafu hutangazwa katika gazeti la serikali, Diário da República.

Jambo moja linahitaji upole. Mwaka 2013 freguesia nyingi, yaani maeneo yenye serikali kama hiyo ya kijiji, ziliunganishwa, kutoka zaidi ya 4,200 zikabaki kama 3,100. Ukikuta ngao ya zamani ukutani, usiseme imepitwa na wakati. Muulize mwenyeji ni ya kina nani. Mzee wangu alizaliwa kijiji cha jirani, kilichounganishwa na hiki. Bendera ya kwao ameihifadhi kabatini. Usiku wangu wa mwisho aliitoa, akaitandaza mezani, akasubiri nihesabu.