Kwa kijana aliyeuliza kama miaka 19 ni kuchelewa

Mdogo wangu, umeuliza kama umechelewa kuanza shule ukiwa na miaka 19, wewe uliyelelewa kwenye kanisa linalosema shule ni ya dunia. Mimi nilianza nikiwa na 18, hapa hapa Mombasa.

Kwetu Mishomoroni tuliishi ndani ya ua wa mabati. Shule dhambi, hospitali dhambi, redio dhambi. Mwaka 2003 serikali ilipofuta karo ya msingi, nilikuwa nachungulia kwenye tundu la msumari kuwaona watoto wa jirani wakipita na sare mpya. Baba alipogundua akaliziba kwa kipande cha sabuni.

Kusoma nilifundishwa na mama, kwa Biblia, maana hiyo iliruhusiwa. Kuandika sikujua. Nilipohamia Likoni kwa shangazi, ambaye kwetu alishatengwa kitambo, alinipeleka ngumbaru, darasa la watu wazima, na siku ya kwanza kalamu niliishika kama mwiko. Mwalimu akachora ramani ubaoni, ndipo nikajua kuwa Mombasa ni kisiwa. Nimezaliwa ng'ambo tu ya daraja la Nyali!

Lakini somo ambalo sitalisahau ni la afya. Mwalimu aliandika: maji safi lita moja, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Dawa ya kwanza ya mtoto anayeharisha. Nilitoka nje nikalia. Mdogo wetu wa mwisho alikufa kwa kuhara, sisi tumefunga siku tatu tukimwombea, na sukari na chumvi zilikuwa jikoni, kwenye mikebe yake.

Hasira hiyo ilinikaa miaka. Nasali mpaka leo, usidhani shule iliniondolea Mungu, ila sikubali tena kuambiwa kwamba kuuliza ni uasi. Kwa baba bado siingii. Mama huja kwangu kimya kimya, na mara moja aliniomba nimwandikie ile hesabu ya chumvi na sukari. Akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya Biblia yake.

Sasa wewe. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, niliyofanya mimi nikiwa na 21 haipo tena, ya mwisho ilikuwa 2023, kwa hivyo nenda ofisi ya elimu ya watu wazima ukaulize njia ya sasa. Kabla ya hapo tafuta cheti cha kuzaliwa. Kama ulizaliwa nyumbani bila kadi ya kliniki, anza kwa mzee wa mtaa, kisha barua ya chifu, kisha ofisi ya usajili wa vizazi. Mimi ilinichukua miezi saba, na bila hicho cheti singesajiliwa mtihani. Nenda na mtu mzima anayekumbuka ulivyozaliwa, hata kama ni jirani. Ukikwama kwa chifu niandikie, tutaenda pamoja.